Maswali Yenu: Mawimbi, Upepo na Njia ya Kufika Majini

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wanaoteleza mawimbini kwa ubao na wale wanaotaka kuanza. Wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, yaani nitajuaje leo bahari inafaa, na wengine mnauliza nitafikaje hata hapo kwenye bahari yenyewe maana njia zimefungwa. Nimejibu nilizoweza, na pale maswali yalipofanana nimeyaunganisha kuwa moja.

Mwalimu, hii apu ya mawimbi naiangalia kila siku ila sijaielewa. Wikiendi moja iliandika mita 1.2, nikaenda nikateleza raha mustarehe. Wiki iliyofuata ikaandika mita 1.2 hiyohiyo, nikapigwa mpaka nikatoka mwenyewe. Apu inadanganya?

Haidanganyi mdogo wangu, ila umesoma namba moja ukaiacha ya pili na hiyo ya pili ndo yenye habari. Pembeni ya urefu wa wimbi huwa pana sekunde. Hizo ni muda unaopita kati ya kilele cha wimbi moja na kilele cha linalofuata. Naweka dau siku ya kwanza ilikuwa sekunde 6 au 7 na ile siku ya kupigwa ilikuwa 13, 14 huko.

Sasa kwa nini inaleta tofauti kubwa hivo. Mawimbi yanazaliwa na upepo, na mara nyingi upepo wenyewe haupo hapo ulipo wewe, uko mbali sana katikati ya bahari. Ukubwa wake unategemea upepo ulivuma kwa nguvu kiasi gani, ulivuma muda gani, na ulivuma juu ya eneo refu kiasi gani la maji bila kukatwa na nchi kavu. Yakishatoka kwenye dhoruba yanaanza kujipanga yenyewe, yale ya sekunde nyingi yana kasi zaidi kwa hiyo yanatangulia, yale mafupi yanaachwa nyuma na mengi yanafia njiani. Kundi la mawimbi ya sekunde 15 linakata karibu kilomita 1,000 kwa siku, kwa hiyo dhoruba iliyo kilomita 3,000 toka kwenu utaipokea baada ya siku tatu, na siku hiyo inawezekana kwenu hamna upepo kabisa na jua linawaka. Mwanasayansi Walter Munk na wenzake waliweka vituo vya kupima mwaka 1963 wakayafuatilia mawimbi yaliyotokea kwenye dhoruba za huko kusini karibu na Antaktika, yakavuka bahari yote ya Pasifiki mpaka Alaska. Na huyuhuyu Munk ndo aliyekuwa kati ya walioanzisha elimu ya kutabiri mawimbi wakati wa vita vya pili vya dunia, ili wanajeshi wajue siku gani boti zinaweza kushusha watu ufukweni. Kwa hiyo hiyo apu yako ina ukoo mrefu, usiidharau.

Turudi kwenye mita 1.2 zako. Wimbi la sekunde 7 lina takriban mita 76 toka kilele hadi kilele, la sekunde 14 lina mita 300 na ushee. Na wimbi huanza kuuhisi mchanga wa chini pale kina kinapofika nusu ya huo umbali wa kilele hadi kilele. Hesabu mwenyewe: lile fupi linaanza kuguswa kwenye kina cha mita 38 hivi, lile refu tangu mita 150. Likishaanza kuguswa linapungua kasi, linajikusanya, linainuka. Kwa urefu uleule uliosoma kwenye simu wimbi la sekunde 14 limebeba nguvu mara mbili ya la sekunde 7, alafu likifika kwenye kina kifupi linainuka juu zaidi kuliko ile namba uliyoisoma. Ndo maana ukapigwa.

Kuna jambo jingine hapohapo ambalo linaumiza watu wengi. Mawimbi ya kutoka mbali huja kwa mafungu, yanakuja matano, sita makubwa, alafu bahari inanyamaza dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Mgeni anafika katika ule ukimya, anaona maji yametulia, anaingia, anafika katikati ndo fungu linatokea. Kwa hiyo kaa chini. Kaa dakika ishirini na ubao wako pembeni na uangalie tu, sio kuangalia simu, angalia maji. Na ujue pia kwamba urefu unaoandikwa kwenye apu nyingi ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa, sio wimbi kubwa kuliko yote, kwa hiyo katika siku hiyohiyo linaweza kuja moja lenye karibu mara mbili ya hapo.

Namba ya tatu ni mwelekeo, nayo inategemea ufukwe wako umetazama wapi. Na umbo la chini linaamua mengine yote. Kule Nazaré, Ureno, kuna korongo refu chini ya bahari linalofika karibu kabisa na pwani, linayapinda mawimbi na kuyarundika sehemu moja, ndo maana Sebastian Steudtner aliteleza pale tarehe 29 Oktoba 2020 kwenye wimbi lililopimwa mita 26.21, huku fukwe za jirani siku kama hizo zinakuwa na mawimbi madogo kuliko hapo. Kwa hiyo namba ya apu ni ya bahari iliyo nje huko. Ya kwenu unaijua kwa kwenda, kuandika ulichokiona, na kulinganisha na ilichosema apu mpaka uanze kuzoea.

Nikifika asubuhi nakuta mawimbi mazuri, nikirudi saa sita mchana palepale hamna kitu, maji yamejaa tu yanapanda mchanga. Tatizo nini?

Tatizo hakuna, ni maji kujaa na kupwa. Wimbi linavunjika pale kina kinapokaribia mara 1.3 ya urefu wake wa kwenda juu, yaani wimbi la mita moja linataka kina cha mita moja na robo hivi. Maji yakijaa, lile fungu la mchanga lililokuwa linavunja mawimbi limezama chini sana, wimbi linapita juu yake bila kushtuka linakwenda kuvunjikia ufukweni kabisa kwa kishindo, na hapo hamna nafasi ya kuteleza, kuna nafasi ya kuvunja shingo tu. Fukwe nyingine ni kinyume, zinahitaji maji mengi ndo zifanye kazi, hasa zenye mwamba.

Sehemu nyingi duniani maji yanajaa mara mbili kwa siku na kati ya kujaa na kujaa ni masaa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa inasogea mbele karibu dakika 50. Ukikuta leo saa mbili asubuhi ni nzuri, kesho itakuwa saa tatu kasoro. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu unaleta bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na mikondo inakuwa na nguvu, ile nusu mwezi ndo maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo. Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja: katika yale masaa sita ya kujaa, saa ya tatu na ya nne peke yake zinabeba kama nusu ya maji yote, kwa hiyo pale ndo hali inabadilika mbele ya macho yako. Kama unateleza karibu na mwamba au chini ya jabali weka hilo kichwani kabla hujaingia, maana ule mchanga uliopita kuja unaweza usiwepo wakati wa kutoka.

Kuna pwani ambazo hili haliwahusu sana. Bahari ya Mediterania maji yanapanda kidogo tu sehemu nyingi, wakati Ghuba ya Fundy kule Kanada yanapanda na kushuka zaidi ya mita 16. Wewe angalia jedwali la kwenu.

Kwa nini kila mtu anasema uende alfajiri? Mi siwezi kuamka.

Jitahidi uamke. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, hewa ya juu ya ardhi inapanda na ile ya baharini inaingia kuchukua nafasi yake, ndo upepo unaovuma kutoka baharini kuja pwani. Huo unasukuma mgongo wa wimbi, linaanguka kabla ya wakati, uso unajaa vijiwimbi. Usiku na alfajiri mara nyingi ni kinyume, upepo mwepesi unatoka nchi kavu kwenda baharini, unalishikilia wimbi lisianguke haraka, linasimama safi. Ukikosa alfajiri jaribu jioni upepo ukishapoa. Ila angalizo, upepo wa kutoka nchi kavu ukiwa mkali sana unawapeleka nje watu wenye ubao mkubwa na kurudi ni kazi, usiufurahie bila kuupima.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 14, anataka kujifunza kuteleza na marafiki zake. Mimi mwenyewe sijui bahari. Nasikia kuna mkondo unaovuta watu chini wasionekane tena. Nimruhusu?

Marahaba mama. Mruhusu, ila kwa masharti, na nitakuomba na wewe uyajue siyo yeye peke yake.

Kwanza huo mkondo hauvuti mtu chini, unampeleka nje. Hii ni tofauti ya uhai na kifo, kwa sababu anayeamini anavutwa chini anapaniki, anapiga maji kwa nguvu zote kurudi ufukweni akipambana na mkondo uso kwa uso, anachoka, na uchovu ndo unaomzamisha. Mawimbi yanasukuma maji kuja pwani muda wote, hayo maji lazima yarudi, na yanarudi kupitia sehemu ya chini zaidi kati ya fungu moja la mchanga na jingine, kama maji ya beseni yanavyokimbilia tundu. Mara nyingi kasi yake ni ya kawaida, ila unaweza kufika mita 2 na nusu kwa sekunde, hapo hata muogeleaji wa Olimpiki hashindani nao.

Sasa nataka siku moja uende naye, msimame sehemu iliyoinuka, ngazi au kilima cha mchanga, na mtazame pamoja. Utaona kulia mawimbi yanavunjika meupe, kushoto yanavunjika meupe, na katikati pana kichochoro ambapo hayavunjiki, huo ndo mkondo. Maji yake yana rangi iliyokolea zaidi, au yamechafuka mchanga, juu yake pana vijiwimbi vidogovidogo vinavyochezacheza, na ukitulia utaona povu na vipande vya mwani vinatembea taratibu kwenda nje wakati kila kitu kingine kinakuja ndani. Kwa asiyejua, pale ndo panaonekana pametulia pazuri pa mtoto kuogelea. Mtazame mpaka na yeye akuonyeshe mwenyewe mkondo mwingine. Wazoefu wanapita humohumo kwenda nje bila kuchoka, ila hilo ni la baadaye.

Akijikuta humo afanye hivi: asiachie ubao, ubao unaelea na una kamba mguuni. Alale juu yake, apumue, ainue mkono kuomba msaada. Mkondo ukishapita pale mawimbi yanapovunjikia nguvu yake inaisha. Hapo apige makasia kwa mikono sambamba na ufukwe kuelekea kule kweupe, alafu mawimbi yenyewe yamrudishe. Na wewe mama, au rafiki zake, msirukie majini kumfuata mkiwa mikono mitupu. Kila mwaka kuna watu wanaozama kwa sababu hiyo, mara nyingi ni mzazi. Tupa kitu kinachoelea, mwite muokoaji, usimtoe machoni.

Masharti mengine: ajue kuogelea bila ubao kwanza, kwa sababu kamba hukatika. Aanze na ubao mrefu wa sponji laini, futi 8 au 9, kwenye povu, maji ya kiunoni, sio kule nje. Akianguka aanguke ubapa, asitangulize kichwa, na akiibuka mikono iwe imefunika uso na kichwa maana ubao unavutwa na kamba unarudi kwa kasi. Jack O'Neill, yule mwenye jina kwenye masuti ya kuogelea, alipoteza jicho mwaka 1971 kwa ubao uliorudi namna hiyo siku zile kamba hizi ndo zinaanza. Na mafunzo ya mwanzo yawe kwenye ufukwe wenye waokoaji. Nchi nyingi bendera nyekundu na njano inaonyesha eneo linalolindwa la waogeleaji, watu wa ubao hawaruhusiwi kuingilia hapo, na sehemu kadhaa bendera za nyeusi na nyeupe ndo eneo la mbao. Nyekundu tupu maana yake hapaingiwi, hata marafiki wakisema nini.

Ufukwe tuliokuwa tunateleza umewekewa geti. Mlinzi anasema ni mali ya mtu. Tumezoea kuambiwa bahari ni ya wote. Ukweli ni upi?

Ukweli unategemea nchi, na ndani ya nchi unategemea mstari uko wapi. Swali lenu lina maswali mawili ndani yake na watu wanayachanganya, kwanza mchanga na maji ni ya nani, pili njia ya kufika hapo ni ya nani. Unaweza ukakuta mchanga wote ni wa umma lakini umezungukwa na viwanja vya watu kiasi kwamba haki unayo na pa kupitia huna. Mimi naona haki ya namna hiyo ni ya kwenye karatasi tu, na nasema wazi kwamba geti la namna hii linaniudhi kuliko bahari mbaya.

Tazameni wenzetu. Hispania sheria yao ya pwani ya mwaka 1988 inasema ufukwe ni mali ya umma na hata juu yake inataka ubaki ukanda wa mita 6 wa watu kupita kwa miguu. Brazili nayo sheria ya 1988 inazitaja fukwe kuwa za matumizi ya wote. Jamaika ni tofauti, sheria ya mwaka 1956 iliiweka pwani mikononi mwa dola na haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuingia na kuogelea, na mpaka leo watu wanaipigia kelele. Afrika Kusini nako fukwe ziligawanywa kwa rangi ya ngozi kwa sheria ya 1953, zikafunguliwa kwa wote mwaka 1989 na sheria yenyewe ikafutwa mwaka uliofuata, kwa hiyo anayesema suala la njia ya kwenda baharini ni dogo hajui watu wametoka wapi.

Mfano unaofanana na wenu hasa ni Martins Beach, California. Sheria ya pwani ya jimbo lile ni ya mwaka 1976 na mchanga ulio chini ya mstari wa maji kujaa ni wa umma. Tajiri Vinod Khosla alinunua eneo lile mwaka 2008, mwaka 2010 geti la barabara pekee ya kushukia likafungwa. Shirika la Surfrider, lililoanzishwa na watelezaji huko Malibu mwaka 1984, likaenda mahakamani. Likashinda, rufaa zikapanda mpaka mahakama kuu ya Marekani ambayo Oktoba 2018 ilikataa kuisikiliza kesi, na uamuzi wa chini ukabaki. Hoja iliyombana ilikuwa kwamba kufunga njia inayotumika ni kubadilisha matumizi ya pwani na hilo linahitaji kibali. Alikuwa hana kibali.

Kwa hiyo nyie fanyeni hivi. Msikate uzio wala msigombane na mlinzi, yule ameajiriwa. Nendeni ofisi ya ardhi au serikali ya mtaa mwombe kuona ramani ya upimaji, njia nyingi za umma zipo kwenye ramani na zimefungwa kimyakimya kwa sababu hamna aliyeuliza. Kusanyeni picha za zamani zenye tarehe zinazoonyesha watu wakipita hapo, sehemu nyingi matumizi ya miaka mingi yana uzito kisheria. Tafuteni wavuvi, wao njia hiyo ni riziki na wameitumia kabla yenu, muende pamoja. Alafu ulizeni kitu kimoja ambacho ofisi hazipendi kukipuuza: mtu akizama pale, gari la wagonjwa linapita wapi?

Ila si kila zuio ni la dhuluma. Kisiwa cha Réunion mamlaka zilipiga marufuku kuogelea na kuteleza sehemu kubwa ya pwani mwaka 2013 kwa sababu ya mashambulizi ya papa, zikaacha ndani ya maji yaliyozingirwa na mwamba na maeneo yenye ulinzi tu. Na pengine njia imefungwa kwa sababu kilima cha mchanga kinabomoka kwa kukanyagwa, au kasa wanataga. Hapo fuateni njia iliyowekwa hata kama inazunguka.

Wimbi letu limepotea kabisa, miaka miwili sasa. Litarudi?

Kama ni la fungu la mchanga, linaweza. Mchanga unatembea, dhoruba moja inauondoa, miezi ya utulivu inaurudisha. Ulizeni kwanza kama kuna kitu kimejengwa au kuchimbwa jirani, gati, ukuta, au mchanga wa mdomo wa mto. Mundaka kule Hispania walichimba mchanga wa mtoni mwaka 2003, wimbi maarufu likaharibika mpaka mashindano ya 2005 yakafutwa, alafu mchanga ulivyojirudi wimbi nalo likarudi. Na Australia kinyume chake, mradi wa kuhamisha mchanga wa mto Tweed ulioanza kazi 2001 ulirundika fungu refu mno pale Snapper Rocks na likawa wimbi la kusifika duniani. La mwamba halihami, likipotea hilo basi kuna mtu kalifukia.

Tukienda ufukwe mpya wenyeji wanatutolea macho, wengine wanatufukuza. Tufanyeje?

Bahari haina mwenyewe lakini foleni ina utaratibu. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanzia kuvunjika ndo mwenye wimbi, usimkate mbele. Ukienda nje zunguka pembeni, usipite katikati ya njia ya anayeteleza, na ukibanwa elekea kwenye povu, umwachie uso wa wimbi. Usitupe ubao wako kukwepa wimbi wakati kuna mtu nyuma yako. Usifike watu kumi kwa mpigo. Salimia, kaa pembeni, chukua madogo kwanza.

Ukifanya yote hayo na bado mtu anakutisha, huo ni uonevu, haujalishi kazaliwa wapi. Lunada Bay huko California kundi la wenyeji walifukuza watu miaka na miaka, wakapelekwa mahakamani mwaka 2016, na kile kibanda chao cha mawe chini ya jabali kikabomolewa mwaka huohuo. Ripoti, na msijibu ngumi kwa ngumi mkiwa majini.

Mvua imenyesha sana, mawimbi mazuri, niingie?

Hapana. Mvua inasomba uchafu wa mitaro na vyoo kupeleka baharini, hasa karibu na mdomo wa mto. Sehemu nyingi wanashauri kusubiri masaa 72. Kama una kidonda au masikio yanasumbua ongeza na zaidi.

Nimezoea mchanga, sasa nimealikwa sehemu yenye mwamba wa matumbawe. Niwe makini na nini?

Na kutoka, zaidi ya kuingia. Kwenye mwamba wimbi ni lilelile kila siku, linavunjika mahali palepale, na hiyo ni raha yake, Teahupo'o kule Tahiti, walipofanyia mashindano ya kuteleza ya Olimpiki ya 2024, ni mwamba. Ubaya ni kwamba hautoi nafasi ya kukosea, kina kinaweza kuwa cha magoti pale unapoangukia. Kwa hiyo kabla hujaingia muulize mtu mambo matatu: mlango wa kupitia kwenda nje uko wapi, maji yakipwa huo mlango bado unapitika, na kamba ikikatika nitokee wapi. Kama hamna wa kumuuliza, nenda siku moja kabla wakati maji yamepwa kabisa, tembea uone mashimo yako wapi, wanyama wa baharini wenye miiba wako wapi, piga picha.

Vaa viatu laini vya majini. Ukianguka jitandaze ubapa karibu na uso wa maji, usishushe miguu kutafuta chini. Ukikatwa na tumbawe osha kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, sugua vipande vitoke hata kama inauma, vikibaki kidonda kinaoza. Na wakati wa kutoka usijilazimishe kwenye sehemu uliyoingilia kama maji yameshashuka, piga makasia uzunguke mpaka kwenye mlango hata kama ni mita mia nne na umechoka. Kwa hiyo toka kabla hujachoka.